Karatasi ya kazi isilale mu telefone moja

Leo hii mutu mwenye anatumika mu migodi, ikuwe Kolwezi, Likasi, Kambove ao Fungurume, anabeba maisha yake yote mu telefone. Foto ya kontra iko mule. Karatasi za mushahara ziko mule. Karatasi ya munganga, namba ya mutu wa kooperative, mesaje ya shefu wa ekipe mwenye alimuita ku kazi siku ya mapumuziko: yote iko mule. Kisha siku moja telefone inaanguka mu maji, ao mwizi anaikamata ku soko, ao inabakia chini ya udongo pamoja na mwenyewe. Mujane anaenda ku biro kuuliza haki ya watoto. Wanamuuliza: «Mama, uko na karatasi gani?» Hana hata moja, na kode ya telefone bwana hakumuachia.

Wazo langu ni fupi. Karatasi yenye inagusa maisha yetu haipashwe kulala mu telefone moja. Inapashwa kuwa mu mikono mingi. Na njia ya kuifikisha mu mikono mingi iko tayari, mara mingi bila kulipa hata mega moja: ni kugawanya fishie mukono kwa mukono, telefone kwa telefone, kile wenye Kifaransa wanaita pair-à-pair. Watoto wetu wanaijua juu ya nyimbo na filme. Mimi ninasema: siye wakubwa pia tuikamate, na tuitumikishe kwa mambo ya lazima.

Mega zinaenda wapi?

Angalieni ginsi tunafanya. Watu wawili wameikala ku benchi moja. Mumoja anataka kumupa mwenzake foto. Anapitia WhatsApp. Ile foto inapanda ku antene, inapita mu rezo, inaenda ku ordinatere kubwa zenye ziko mbali sana, kisha inarudia mpaka ku benchi ile ile. Mwenye kutuma analipa mega, mwenye kupokea analipa mega. Kama rezo haiko, foto haiende hata kidogo, hata kama mabega yao yanagusana.

Na jambo lenye linauma zaidi: Congo inatosha zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na kobalti iko mu betri za telefone mingi. Udongo wenye baba alichimba unaweza kuwa ndani ya ile telefone, halafu mutoto wake anakosa franka za kununua mega juu ya kupitisha karatasi ya baba kutoka chumba kimoja mpaka chumba kingine.

Mukono kwa mukono inafanya ingine ginsi. Telefone mbili zinasemezana zenyewe, kwa mawimbi ya redio ya kidogo, bila antene, bila sosiete ya telefone, bila mega. Inaomba paka muikale karibu. Ni sawa vile watu wanapitishana mufuko wa mawe: ule wa chini anapatia wa juu, hakuna haja mufuko upitie Lubumbashi kwanza.

Tulikwisha kuona faida yake. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, enternete ilikatwa mu inchi nzima, na ilirudia paka kisha siku karibu 20. WhatsApp ilinyamaza. Lakini mutu mwenye alikuwa na fishie mu telefone aliweza kumupatia jirani bila shida yoyote. Kitu chenye kiko mu mikono ya watu hakikatwe na mutu mumoja mwenye kukamata bouton.

Ginsi ya kuanza

Kuanza haiombe masomo makubwa. Niandike kwa utaratibu, juu mama na baba wenye hawajafanya kamwe wafanye leo jioni.

Njia ya kwanza ni Bluetooth. Iko mu telefone mingi, hata za zamani. Mufungue Bluetooth ku telefone zote mbili, mufinye fishie, muchague «Partager», kisha Bluetooth, kisha jina la telefone ya mwenzenu. Yeye anakubali. Ubaya wake: inaenda pole pole. Foto ao karatasi inapita bila shida, lakini filme ya mega 700 inaweza kukamata saa nzima.

Njia ya pili, yenye mbio zaidi, ni ile yenye kutumikisha Wi-Fi ya telefone zenyewe. Ku telefone mingi za Android za leo kuko Quick Share, haiombe kutia aplikasio ingine. Njia ni ile ile: «Partager», kisha Quick Share, na mwenzenu anakubali. Filme yenye ingekamata saa nzima mu Bluetooth inapita mu dakika kidogo.

Njia ya tatu ni ya nyumba yenye kuwa na telefone mbalimbali: mumoja iko na Android, mwingine iPhone, mukubwa iko na ordinatere. Kuko aplikasio yenye jina LocalSend. Ni ya bure na inaenea ku zote. Inaomba paka zote ziwe ku Wi-Fi moja. Kama Wi-Fi haiko, telefone moja inafungua «point d'accès», zingine zinaingia. Lakini musikie muzuri: mbele ya kufungua, mufunge kwanza «données mobiles». Bila vile, rafiki mwenye mulikaribisha juu ya fishie moja atakula mega zenu zote, na pengine bila yeye mwenyewe kujua.

Kutia aplikasio mara ya kwanza kunaomba mega, hizo ni za kukubali. Muikamate ku Play Store ao ku App Store, si ku kijana mwenye anaitembeza mu flashi. Nitaeleza sababu mbele kidogo.

Sababu gani si WhatsApp tu

Wengine watasema: mega si shida yangu, ninatuma WhatsApp. Sawa, lakini mujue kitu kimoja. WhatsApp inapunguza foto juu ipite mbio. Maandishi ya kidogo ya mu kontra yanaweza kuwa kama moshi, na namba ya karatasi ya mushahara haisomeke tena. Tena inatosha habari zenye telefone iliandika ndani ya ile foto, kama vile siku na saa yenye ilipigwa. Mukono kwa mukono inapitisha fishie vile iko, bila kuikata.

Kwa foto ya ndoa, hiyo si kitu. Kwa foto ya mbao yenye kuvunjika mu shimo, ya kamba yenye kukatika, ya mukono wenye kuumia, ni jambo kubwa. Siku watu watauliza «ilipigwa wakati gani?», foto ya kwanza, yenye haijakatwa, ndiyo yenye kusema kitu. Kama munapashwa kweli kupitia WhatsApp, mutume kama «document», si kama foto. Kisha muache fishie ya kwanza vile iko: musiandike juu yake, musikate pembeni. Mupatie delege wa sendika kopi moja, na mutu mumoja wa jamaa kopi ingine.

Sheria iko, lakini iko kwa nani?

Mpaka hapa nimesema karatasi ya mutu mumoja. Lakini kuko karatasi za watu wote, na hizo njo zimekosekana zaidi mu mikono yetu.

Code minier ya inchi hii ni sheria ya tarehe 11 Julai 2002, na iligeuzwa tarehe 9 Machi 2018. Ndani yake imeandikwa ginsi redevance minière inagawanywa: 50 kwa mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa mia kwa provense, 15 kwa mia kwa komine, sekteri ao sheferi yenye mugodi iko ndani yake, na 10 kwa mia kwa mfuko wa vizazi vyenye vitakuja. Imeandikwa tena kama sosiete yenye kuchimba inatosha angalau 0,3 kwa mia ya feza yote ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wa pale. Na inaomba sosiete ikubaliane na wale watu mu karatasi yenye inaitwa cahier des charges: masomo gani, maji gani, barabara gani, mu miaka ngapi.

Kuko Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002, yenye inasema juu ya kontra, mapumuziko na kufukuzwa kazi. Kuko tena dekreti ya tarehe 20 Mei 2011 yenye inalazimisha serikali kutangaza kontra za mali ya udongo. Hakuna hata moja ya hizi yenye ni siri. Ziko mu PDF, na sheria ya inchi ni ya kila mutu.

Lakini muulize mu kartie yenu: nani iko na cahier des charges ya sosiete ya pembeni mu telefone yake? Mara mingi jibu ni: shefu iko nayo, ao mutu fulani wa komite iko nayo. Mutu mumoja. Na mutu mumoja anaweza kuhama, anaweza kugonjwa, anaweza kununuliwa. Karatasi yenye iko mu telefone mia tano hainunuliwe. Mukutano wa kartie unageuka kabisa siku mama wa soko anasimama na kusoma ukurasa ule ule wenye mutu wa sosiete anasoma.

Hizi fishie si nzito. Sheria nzima mara mingi haifike uzito wa video moja ya ndoa. Mutu mumoja analipa mega mara moja, kisha watu mia tano wanaipata bure. Hesabu ni ile ile ku masomo: kama wanafunzi 40 wanakamata kila mumoja video ya masomo ya giga 2 ku enternete, wamelipa giga 80. Kama mumoja anaikamata na anapatia wengine, wamelipa giga 2.

Na fishie kubwa, zenye ziko mbali?

Mukono kwa mukono inaishia pale mawimbi yanaishia, ni kusema mu nyumba ao mu lupango. Juu ya watu wenye kuwa mbali, kuko dada yake mukubwa, wenye ordinatere wanaiita torrent.

Historia yake inafundisha. Mu mwaka 1999, mwanafunzi mumoja wa Marekani, Shawn Fanning, alianzisha Napster, juu watu wapitishane nyimbo kutoka ordinatere moja mpaka ingine. Lakini orodha ya nyimbo zote ilikuwa ku mahali pamoja. Wenye nyimbo walienda ku tribinale, na mu 2001 Napster ilifungwa: kufunga mahali pale pamoja, yote ikakufa. Mwaka ule ule wa 2001, Bram Cohen alitosha BitTorrent. Mule fishie inakatwa vipande vya kidogo. Mutu mwenye amepata kipande cha kwanza anaanza kukipatia wengine, hata mbele ya kupata vyote. Kila kipande kiko na alama yake, na ordinatere inaihakikisha: kama mutu ametia kipande cha uongo, kinatupwa. Mwenye amemaliza kupata fishie yote na anaendelea kupatia wengine, wanamuita mbegu. Bila mbegu, shamba linakufa.

Juu ya kuanza, mutie qBittorrent ku ordinatere, ao LibreTorrent ku telefone ya Android. Zote mbili ni za bure na hazina matangazo. Kisha munatafuta fishie ya kidogo sana yenye kuishia na .torrent, ao linki ya «magnet». Ile haiko filme yenyewe, ni adresi tu yenye inaonyesha vipande viko kwa nani.

Mufano muzuri wa kuanza nao ni Kiwix. Inatia Wikipedia nzima mu fishie moja, na munaisoma bila enternete. Iko ya Kifaransa, iko ya Kiswahili pia, na munaweza kuikamata kwa torrent. Ile ya Kifaransa yenye foto zote ni giga makumi, haiko ya telefone ya mutu mumoja. Lakini masomo ao parokia yenye kuwa na ordinatere moja na koneksio ya muzuri inaweza kuikamata mu usiku kidogo, kisha wanafunzi wote wanaisoma bila kulipa.

Musidanganywe lakini: torrent haiokoe mega. Inazikula mara mbili, juu wakati munapokea munatuma pia, na mega za kutuma zinahesabiwa. Muifanye ku Wi-Fi ya masomo ao ya kazi kama wamekubali, si ku mega za forfait. Faida yake ni ingine: rezo ikikatika ku vipande 90 kwa mia, haianze upya, inaendelea pale ilibakia. Mwenye amekwisha kupoteza giga nzima juu ya rezo kukatika ku mwisho anajua ile ni faida gani.

Wenye kukataa wako na sababu

Sitafiche kama kuko watu wenye hawapendi hii mambo, na sababu zao si za bure.

Wa kwanza wanasema: ni njia ya wizi. Ni kweli mingi yenye inapita mu torrent ni filme na nyimbo zenye wenyewe hawakutoa. Ku kwetu pia kuko sheria ya droits d'auteur, tangu tarehe 5 Aprili 1986. Muimbaji wa Lubumbashi mwenye alilipa studio anakula ku wimbo wake vile muchimbaji anakula ku mufuko wake, na hakuna mumoja kati yetu mwenye angefurahi kuona mufuko wake unagawanywa ku barabara. Lakini jembe halikatazwe juu mutu mumoja alipiga nalo jirani. Sheria za inchi, masomo yenye wenyewe wanatoa bure, makaratasi yetu, sauti ya babu yenye tulirekodi siye wenyewe: hizo tugawanye bila woga.

Wa pili wanasema: inaleta virusi. Kweli tena. Fishie ya foto ao ya PDF haiko na hatari sana, lakini fishie yenye kuishia na .apk ni aplikasio, na aplikasio ya uongo inaweza kuiba feza yenu ya mobile money. Ile njo sababu nilisema muzikamate ku Play Store. Mu Juni 2020, India ilikataza aplikasio 59 juu ya usalama wa inchi, na SHAREit na Xender, zenye vijana wetu wanazipenda, zilikuwa mule ndani. Haina maana kila mwenye kuzitumikisha ameibiwa. Ina maana mutu anapashwa kuchagua. Na kila wakati mutu munamujua hapana anatuma kitu, mufinye «Refuser». Mukimaliza, mufunge Bluetooth.

Wa tatu wanasema: siri za watu zitatoka. Hawa ndio ninawasikiliza zaidi. Kitu chenye kimeingia mu telefone mia hakirudie tena. Kontra yenu ni yenu, karatasi ya mushahara ni yenu, munaweza kumupatia bibi ao delege. Lakini plan ya mugodi na foto ya ndani ya usine ni za sosiete, na zinaweza kuwafukuzisha kazi. Foto ya marehemu yenye kulala ku mawe ni ya jamaa yake, haiko ya kartie. Foto ya mutoto ni ya mutoto. Mu torrent, tena, adresi ya IP yenu inaonekana kwa wengine wote wenye kukamata fishie ile ile. Haiko mahali pa kujificha.

Kwa hiyo kila mutu aweke mu telefone dosie mbili. Moja ni ya mlango wazi: sheria, cahier des charges, masomo. Ingine ni ya nyumba: kontra, mushahara, munganga. Ile ya kwanza ipatiwe kila mwenye kuomba. Ile ya pili ipatiwe watu wawili ao watatu wenye munawaamini, na isipite pale.

Kazi ya nani?

Siombe serikali ilete mashini. Ninaomba kitu cha bei kidogo zaidi. Kila delege wa sendika, kila kooperative ya wachimbaji, kila shefu wa kartie na kila parokia yenye iko pembeni ya mugodi awe na telefone moja ao ordinatere moja yenye dosie ya mlango wazi. Mutu anafika, anafungua Bluetooth, anaenda na sheria yake. Kazi ya dakika mbili. Delege mwenye anakataa kutoa kopi ya karatasi yenye alisaini kwa jina la watu, watu wamuulize juu ya nini.

Vijana wenye wanatia nyimbo mu karte za telefone pembeni ya soko, ninyi munajua hii kazi kupita siye wote. Mutu akikuja kutafuta nyimbo ishirini, mumuulize kama anataka na Code du travail juu yake. Haitawauzisha kitu, na haitakamata nafasi hata ya wimbo mbili.

Na ninyi wababa na wamama, musingojee delege. Jioni ya leo, mbele ya kulala, mupige foto muzuri ya karatasi tatu: kontra, karatasi ya mushahara ya mwisho, karte ya kazi ao ya kooperative. Mufungue Bluetooth, muzipitishe ku telefone ya bibi ao ya bwana, na ku telefone ya mutoto mukubwa. Mumuonyeshe fasi zinaikala. Haiombe mega, haiombe rezo.